Bendera Iliyokwama Nusu Mlingoti

Septemba 2

Mimi, Vagn Thorup, nimepiga picha kila meli iliyopita kwenye mlango huu wa bahari tangu nilipoacha kazi ya kufunga kamba kwenye feri ya kwenda kisiwa cha Lolland. Kila meli. Haijanipita hata moja.

Sawa, uongo. Zilizopita usiku sikuzipiga. Zilizopita kwenye ukungu sikuzipiga. Zilizopita nikiwa nimeinamia sahani ya samaki wa siki nazo zilikwenda zao, na moja iliyokuwa ndefu kuliko kijiji chetu kizima ilipita nikiwa chooni. Mwenzangu Tage aliipiga picha, na mpaka leo kila sikukuu ananionyesha. Basi niandike hivi: nimepiga picha meli nyingi kuliko mtu yeyote kijijini. Na kijijini tunaopiga picha meli tuko wawili.

Daftari hili nimepewa na muuguzi wa wilaya niwe naandika presha yangu. Presha ipo. Haya, nimeandika.

Septemba 5

Upepo wa magharibi. Meli ya mafuta, nyekundu, imelala chini majini kama ng'ombe mwenye mimba. Tage kaleta mkate mweusi na ini la kusaga, akala mwenyewe sehemu kubwa. Alikuwa tarishi wa barua miaka yote; mpaka leo anakula amesimama, kama anaogopa mbwa.

Septemba 11

Sigrun imepita leo. Ile meli ya saruji, ya bluu, tumbo nene. Nina picha zake tangu rangi yake ya kwanza haijachubuka. Nahodha wake simjui sura, lakini tumezeeka pamoja.

Tage akapiga kelele, "Vagn! Mwanamke wako huyo!" Nikatoka mbio, yaani mbio zangu hizi za sasa, nikaishusha bendera pale nje ya kibanda chetu cha kutazamia meli. Ndiyo salamu ya pwani yetu: unaishusha bendera nusu, unangoja, meli inajibu honi mara tatu, unaipandisha tena hadi juu. Mtu mwenye adabu hapandishi kabla hajajibiwa. Mimi adabu sina, mke wangu wa zamani atakuthibitishia kutoka huko Odense anakoishi na fundi bomba wake, lakini kwenye jambo hili moja ninayo.

Sigrun ikajibu. Mara tatu, ndefu, mpaka vikombe vikatetemeka dirishani.

"Imekusalimu wewe," Tage akasema, "lakini mimi imenikonyeza."

Septemba 12

Mvua. Hakuna meli.

Septemba 19

Waogaji wa baridi wameanza msimu wao. Ni hawa watu wazima wenye akili zao wanaoingia baharini wakati maji yanang'ata, kisha wanatoka wakipiga mayowe na kusema wamejisikia vizuri. Mimi nawaita Makalio Mekundu. Kiongozi wao ni Aase, mkunga mstaafu, ambaye amewatoa nusu ya watu wa kijiji hiki tumboni mwa mama zao na bado anatutazama sote kama vile hatujavaa nguo.

Leo alikuja mpaka mlangoni, taulo kiunoni, maji yakimtiririka.

"Vagn, habari za meli?"

"Zinapita. Habari za makalio?"

"Yapo. Unayapiga picha?"

"Lenzi yangu ni ya vitu vya mbali, Aase. Hayo mpaka nivuke Lolland ndipo yaenee."

Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akasema, bila hata kubadilisha sauti, "Tunakitaka kibanda chenu."

"Nini?"

"Tunataka kukifanya sauna, chumba cha mvuke cha kuota joto tukitoka baharini. Nitapeleka ombi kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Bandari, mwezi wa kumi na moja. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuzunguka."

Akaenda zake, miguu ikiacha maji sakafuni kwangu.

Kibanda hiki kilikuwa cha chumvi enzi za wavuvi. Kina jiko la kuni, benchi moja, rafu moja iliyopinda, na dirisha linalotazama maji kama limezaliwa kwa kazi hiyo. Tumekikalia mimi na Tage tangu wavuvi waishe. Mwenye kibanda ni Chama, lakini hilo tulikuwa tumelisahau, na kusahau nako kulikuwa kumezoeleka.

Tage akafunga mlango. "Kibanda hiki watakichukua mimi nikiwa kaburini."

Nilimmiminia kahawa nyingine. Mwanamke mbaya yule.

Septemba 30

Meli ya kitalii, nyeupe, ghorofa kama jengo la hospitali. Watu wakatupungia. Tukawapungia kidole kimoja kimoja. Presha nzuri.

Oktoba 8

Tage amekuja nywele zimelowa, na mvua haijanyesha tangu Jumatatu.

"Umeoga?" nikamwuliza.

"Watu huoga, Vagn."

"Siku ya Alhamisi?"

Akageukia simu yake, ile inayomwambia jina la kila meli kabla hajaiona. Mimi sitaki kuambiwa. Nataka niione kwanza ikiwa nukta, kisha kidole, kisha jumba, ndipo nisome jina lake ubavuni. Sasa macho yanataka iwe jumba kabisa ndipo yasome, lakini yanasoma.

Oktoba 12

Nimemkuta Tage kibandani amefika kabla yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ana ile futi yake ya mbao ya kukunja, anapima ukuta wa kona ya jiko. Akashtuka kama mwizi.

"Nini hicho?"

"Rafu," akasema. "Rafu mpya, ya albamu zako. Ile ya zamani itakuangukia kichwani."

Nikasema, "Iwe imara, picha ni nzito." Nikageukia dirishani nikakaa na kamera ingawa hakukuwa na meli hata moja. Mtu unakaa naye umri wote mkitukanana, kisha siku moja anakupimia rafu.

Oktoba 20

Sigrun haijapita wiki hii. Wala ile iliyopita.

Oktoba 27

Tage kaangalia simu yake, halafu kaniangalia mimi, halafu simu tena.

"Sema."

"Imeuzwa, Vagn. Imeshazeeka. Inapelekwa mashariki kukatwa vyuma."

Nikasema mbona mimi nimezeeka na hakuna aliyeninunua. Akacheka. Mimi sikucheka.

Oktoba 28

Presha juu. Sisemi ngapi.

Novemba 6

Daktari ameyasikiliza mapafu yangu, akanikataza upepo. Si baridi, upepo. "Ukae ndani, penye moto, huko nje utoke kidogo kidogo." Nikamwambia nina mahali pa namna hiyo hasa, tena pana dirisha. Akasema safi sana, basi kaa hapo.

Hapo. Nyumbani kwangu dirisha linatazama banda la nguruwe la jirani.

Novemba 10

Aase kabandika tangazo la mkutano kwenye duka la vyakula. Amechora sauna yenye moshi na watu wanacheka. Nimewachorea masharubu wote, pamoja na wanawake.

Novemba 14

Leo nimekufa. Niandike kwa utaratibu.

Mchana, nikiwa peke yangu kibandani, nikaona nukta kutoka kaskazini. Ikawa kidole. Tumbo nene. Nikajua kabla sijasoma. Nikachukua kamera, nikasahau koti, nikatoka.

Ilikuwa yeye, lakini hakuwa yeye. Kutu imemtiririka ubavuni kama mtu aliyelia bila kujifuta. Nyuma inapepea bendera ya nchi nisiyoijua. Meli ikishauzwa kwenda kuvunjwa, hawahangaiki kuiandika jina jipya. Wanapaka rangi juu ya herufi chache za lile la zamani, linalobaki ndilo jina. Walipaka mwanzoni na wakapaka mwishoni. Katika SIGRUN ikabaki GRU. Hao waliopaka hawakijui Kidenmaki, maana kwetu neno hilo ni ile hofu inayomsimamisha mtu nywele. Mwanamke ametimiza kazi yake yote, na safari ya mwisho wanamwandika Kitisho.

Nikapiga picha. Kisha nikaishusha bendera nusu mlingoti, nikangoja.

Ikaja usawa wangu. Kimya. Niliwaona watu wawili juu, mmoja anavuta sigara. Akanitazama. Nikapunga. Akamwambia mwenzake kitu, wakacheka, au pengine walikohoa, sijui. Ilikuwa ikinipita. Nikangoja. Ikanionyesha mgongo. Nikaendelea kungoja mpaka ikawa kidole, mpaka nukta, kamba ikiwa mkononi, upepo ukiniingia kifuani kama daktari alivyoahidi.

Hakuna aliyepuliza honi.

Nilipotaka kuipandisha bendera, kamba ikagoma. Roda kule juu, kigurudumu kinachopitisha kamba, imekula chumvi, imeganda. Nikavuta, nikatukana, nikavuta. Bendera palepale katikati. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikaingia ndani nipashe mikono moto kwanza, nikajilaza kwenye benchi nyuma ya jiko, nikajifunika turubai la boti, usingizi ukanichukua.

Kilichoniamsha ni sauti chini ya dirisha. Sikuinuka. Ukisikia jina lako linatajwa kwa upole katika kijiji hiki, ni busara kulala kidogo zaidi.

Sasa, bendera nusu mlingoti hapa kwetu, bila meli mbele yake, ni kitu kimoja tu: kuna maiti. Na kwenye mlingoti wa kibanda, maiti ni wa kibanda. Wa kibanda tuko wawili. Mmoja wao alikuwa amesimama nje, mzima, akipenga kamasi.

"Nimempigia simu, hapokei," ilikuwa sauti ya Tage. Simu yangu iko jikoni nyumbani, kwenye kikapu cha mkate. "Jana uso wake ulikuwa wa kijivu kabisa."

"Maskini," akasema Preben, mwenyekiti wa Chama. "Nani kaishusha bendera? Wewe?"

"Mimi nilidhani wewe."

"Mimi nilidhani Aase."

"Mimi natoka kuoka," akasema Aase, na sauti yake haikuwa sauti yake. "Nimeiona nikiwa jikoni. Nimeleta skonzi. Sijui kwa nini nimeleta skonzi."

Nikataka kuinuka, wallahi, mkono ulikuwa tayari kwenye turubai. Halafu Preben akakohoa kidogo, kikohozi cha mwenyekiti.

"Sitaki kuonekana sina utu, lakini mkutano ni tarehe ishirini na tisa. Hili linarahisisha mambo. Tatizo lingekuwa nafasi tu."

"Nafasi ipo," akasema Tage. "Benchi tunalitoa. Jiko la sauna linakaa pale kona, na watu sita wanaenea. Nimeshapima."

Nimeshapima.

Nilikuwa na baridi, lakini hiyo ilikuwa baridi nyingine.

"Umepima lini?" Aase akauliza.

"Mwezi uliopita."

"Na yeye alikuwa anajua?"

"Ah, Aase. Yule mzee ungemwambiaje? Nilimwambia ni rafu."

Nikasikia kitu kinagonga chini, sinia. "Mtu hajapoa, na wewe unampangia viti! Mimi nilikuja hapa na taulo nikamwambia machoni kwamba nakitaka kibanda chake. Wewe umekunywa kahawa yake!"

Hapo nikafungua dirisha. Nikatoa kichwa, turubai mabegani, na nadhani masizi ya jiko yalikuwa yamenipaka uso.

"Tage," nikasema, "umesahau kunipima mimi. Sanduku la urefu gani?"

Preben akakaa kwenye majani yaliyolowa. Tage akaanza kurudi nyuma hatua moja moja kuelekea baiskeli yake. Aase akanipiga na taulo la kufunikia skonzi usoni, mara mbili, kwa nguvu, akilia, akisema, "Mpumbavu wewe! Mpumbavu mzee wewe!" Sijapigwa kwa mapenzi namna hiyo tangu mama yangu afariki.

Nikasema bendera ipandishwe hadi juu, maana sijafa. Preben akatazama magharibi akasema jua linazama, na bendera haikai nje jua likizama. Akaleta ngazi, akaikwamua kamba, akaishusha bendera chini kabisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nusu, kisha chini.

Skonzi tulizila. Tage hakula. Alikuwa ameshaondoka.

Novemba 15

Meli mbili. Sikuzipiga.

Novemba 18

Tage amepita njiani na baiskeli, amejifanya anaangalia mnyororo.

Novemba 21

Aase kaja na supu. Nikamwambia hongo hailiwi. Akasema, "Si hongo. Tarehe ishirini na tisa nitakupigia kura ya kukutoa, na ninataka uwe na nguvu za kunitukana." Akakaa dirishani akauliza ile kubwa ni ya nini. Nikamwambia makontena. Na ile? Nafaka. Akauliza maswali mpaka supu ikaisha. Tage hajaniuliza swali kuhusu meli tangu anunue simu.

Novemba 29

Mkutano mkuu, ukumbi wa bandari. Kahawa, keki ya lozi, watu arobaini na kitu wamekaa wakitazama viatu. Mimi nikapewa dakika zangu. Nilikuwa nimeandaa matusi mazuri sana, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba naona meli kutoka pale, na daktari kanikataza upepo, na kwamba sina mahali pengine. Nikakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ya kweli, ndiyo maana haikufaa kitu.

Aase akasimama akasema wao ni wengi, sisi ni mmoja na nusu. Watu wakacheka. Akasema hafurahii jambo hili, lakini analitaka.

"Wanaokubali?" akauliza Preben.

Aase akainua mkono wa kwanza, akinitazama usoni moja kwa moja, mkono umenyooka kama mlingoti. Kisha mikono mingine, mingi. Mkono wa Tage ulipanda polepole, mpaka usawa wa sikio, nusu tu, na yeye alikuwa anasoma kahawa yake kama ina maandishi.

Nusu mlingoti hata hapo.

Tage akanikuta mlangoni. "Utakuwa mwanachama wa heshima, Vagn. Bure."

"Wa sauna? Nivue suruali mbele ya Preben?"

"Vagn." Akashusha sauti. "Kule kwa waogaji watu wanacheka, wanaongea, wanatazamana. Wewe miaka yote umeniongelesha umenipa mgongo, jicho kwenye lenzi."

"Meli zilikuwa mbele, Tage."

"Najua," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Ni neno zuri. Angeniambia mwezi wa tisa, ningegeuka. Kanipimia ukuta badala yake.

Desemba 2

Nimehamisha albamu kwa toroli. Aase alisukuma, mimi nilitukana. Tulipofika kwangu akatazama nje dirishani, akawaona nguruwe, hakusema kitu. Hiyo ndiyo adabu.

Desemba 5

Nguruwe.

Desemba 7

Nguruwe. Hawana majina ubavuni.

Desemba 9

Siku ya utulivu, hewa imesimama. Nikaenda kibandani kwa miguu. Benchi limetolewa, jiko jipya liko kona ileile, limeenea sawasawa. Tage anajua kupima, sikatai. Nikachukua ngazi ya Preben na kopo la grisi, nikapanda kidogo kidogo mpaka kwenye roda. Aase alinikuta kule juu, akanishikia ngazi akinitukana muda wote, matusi ya wodi ya wazazi ambayo sikuyajua, na mimi nilifanya kazi kwenye feri. Roda sasa inazunguka bila sauti.

Desemba 12

Tage.

Daftari hili nitaliacha kwenye benchi la juu la sauna, asubuhi ya zamu yako, ambapo utakuwa uchi na huna pa kukimbilia. Muuguzi ataniletea jingine. Soma mpaka hapa, hata kama jasho linaingia machoni.

Kibanda ni chenu, sitakidai. Rafu usinitengenezee, sasa naijua futi yako.

Lakini unajua kanuni kama ninavyoijua mimi. Mtu akifa, bendera inakaa nusu. Akishazikwa, inapandishwa hadi juu, na inakaa huko mpaka jua lizame. Mimi mwezi wa Novemba nilipewa nusu, nikasikia na hotuba, nikala na skonzi. Kuzikwa mmeshanizika, kwa kura. Ile sehemu ya juu sikuipata. Ninakudai wewe, si Preben, maana wewe ndiye uliyeiamini hata ukapanga viti.

Si lazima ungoje nife tena. Siku yoyote, meli yoyote ikiwa inapita, ijibu isijibu. Kutoka kwangu, nikisimama juu ya ndoo kando ya banda la nguruwe, ncha ya mlingoti inaonekana, nimeshapima.

Roda nimeipaka grisi. Kamba haitagoma. Ivute mpaka juu.